Barua ya wazi kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Alabama: Semeni mnampima Kocha DeBoer kwa kipimo gani

Birmingham, Alabama
Januari 2026

Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini, Mheshimiwa Rais wa Chuo, na Mheshimiwa Mkurugenzi wa Michezo,

Nawaandikia nikiwa mhitimu wa chuo chenu na mzaliwa wa Tanga, niliyefika Tuscaloosa bila kujua lolote kuhusu futiboli ya Kimarekani na ambaye sasa, kwa miaka mingi, sijaacha kuifuatilia timu hii kila Jumamosi ya msimu. Natumia Kiswahili kwa sababu tuko Waswahili kadhaa katika nchi hii tunaoishabikia Crimson Tide, timu ya futiboli ya Alabama, kwa moyo wote, na haya ninayotaka kuyasema tumeyajadili kwa lugha hii kwa misimu miwili mfululizo. Nakala ya Kiingereza nitaileta ofisini kwenu mwenyewe.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni kipimo. Kocha Kalen DeBoer aliajiriwa Januari 12, 2024, siku mbili baada ya Nick Saban, kocha wetu tangu 2007, kutangaza kustaafu, na sasa amekamilisha misimu miwili: wa kwanza alishinda mechi 9 na kupoteza 4, wa pili akashinda 11 na kupoteza 4. Tangu Indiana itufunge 38 kwa 3 katika mechi ya mchujo ya Rose Bowl kule Pasadena, siku ya mwaka mpya, wapo wanaowasukuma mmwondoe, na wapo wanaowasukuma mmwongezee mkataba upesi kabla chuo kingine hakijamnyakua. Pande zote mbili zinadai kuwa zinamtathmini, lakini sijasikia yeyote akieleza anatathmini nini. Kwa maoni yangu, kocha mpya hupimwa kwa kuangalia kama ugonjwa uliojitokeza mwaka wake wa kwanza umepata tiba mwaka wa pili, kisha kwa kuuliza ni ugonjwa gani umebaki na kama yeye mwenyewe anaujua. Naomba mnivumilie nieleze hilo kwa kirefu, kwa kuwa mechi zenyewe zinazungumza vizuri kuliko makelele yanayozizunguka.

Mwaka wa kwanza ulianza kwa namna iliyotupumbaza sote. Septemba 28, 2024, katika uwanja wetu wa Bryant-Denny, Tuscaloosa, tuliongoza dhidi ya Georgia 28 kwa 0, Georgia ikarudi hatua kwa hatua mpaka ikatupita 34 kwa 33, kisha Jalen Milroe akarusha pasi ya yadi 75 kwa Ryan Williams, kijana wa miaka 17, na tukamaliza kwa 41 kwa 34. Tukapanda hadi nafasi ya kwanza nchini. Wiki moja baadaye tulikwenda Nashville kucheza na Vanderbilt, timu ambayo haikuwa imetushinda tangu 1984 na ambayo haikuwa hata kwenye orodha ya timu 25 bora nchini, tukafungwa 40 kwa 35, na mashabiki wao wakazing'oa nguzo za goli na kwenda kuzitosa katika mto Cumberland. Nilichokiona usiku ule hakikuwa bahati mbaya. Vanderbilt ilikaa na mpira kwa zaidi ya dakika 42 kati ya 60. Kila walinzi wetu walipokaribia kuwasimamisha, walipata yadi mbili tatu walizozihitaji na kuendelea, na sura za vijana wetu zilikuwa za watu walioshtukizwa na mtihani waliodhani wameshaufaulu.

Baada ya hapo tulipoteza Knoxville dhidi ya Tennessee, 24 kwa 17, katika mechi tuliyopewa adhabu 15. Mwishoni mwa Novemba, tukiwa bado na nafasi ya kuingia katika mchujo wa kwanza wa timu 12 wa kuwania ubingwa wa taifa, tukaenda Norman na kufungwa 24 kwa 3 na Oklahoma, timu iliyokuwa imeshinda mechi tano na kupoteza tano. Nafasi ile ya mwisho ilikwenda kwa SMU, na sisi tukaishia mechi ya nje ya mchujo kule Tampa, ambako Michigan, iliyokosa wachezaji wake kadhaa muhimu, ilitutangulia kwa 16 kwa 0 katika robo ya kwanza na hatimaye ikashinda 19 kwa 13. Kwa mara ya kwanza tangu 2007, Alabama haikufikisha ushindi wa mechi kumi.

Mkizitazama mechi nne hizo pamoja, mtaona kwamba tatu kati yake tulifungwa na timu zisizo kwenye orodha ya 25 bora, na zote nne zilichezwa nje ya Tuscaloosa. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa mwaka wa kwanza: timu ilijiandaa vilivyo kwa wakubwa na kulegea mbele ya wale iliowadharau, hasa ugenini. Kwa watu wa Alabama ugonjwa huu unauma kwa namna ya pekee, kwa kuwa Saban aliwahi kushinda mechi 100 mfululizo dhidi ya timu zisizo kwenye orodha, hadi Texas A&M ilipokuja kuukata mnyororo huo Oktoba 2021. Tulizoea kutoiogopa Jumamosi ya kawaida.

Sasa utazameni mwaka wa pili kwa jicho hilo hilo. Ulianza vibaya mno, kwani Agosti 30, 2025, tulifungwa 31 kwa 17 kule Tallahassee na Florida State, timu iliyokuwa imetoka kushinda mechi mbili tu na kupoteza kumi msimu uliotangulia, na sitawaficha kwamba usiku ule mimi mwenyewe niliwaambia wenzangu kuwa kocha huyu hajajifunza kitu. Nilikosea. Hiyo ndiyo mechi pekee ya msimu mzima tuliyopoteza kwa timu isiyo kwenye orodha. Mwezi mmoja baadaye tulikwenda Athens na kuishinda Georgia 24 kwa 21, tukikomesha ushindi wao wa mechi 33 mfululizo nyumbani kwao, na kutoka hapo tukaifunga Vanderbilt 30 kwa 14, Missouri 27 kwa 24 na Tennessee 37 kwa 20. Ni timu nne zilizokuwa kwenye orodha, katika wiki nne zilizofuatana bila mapumziko, jambo ambalo hakuna timu ya SEC, ligi yetu, iliyokuwa imelifanya kabla yetu. Tulishinda pia South Carolina na Auburn, zote ugenini, katika mechi za aina ile ile ambazo mwaka mmoja nyuma zingetuponyoka. Waliotushinda baada ya Tallahassee ni Oklahoma, Georgia na Indiana, na zote tatu ziliingia katika mchujo.

Nilikuwa uwanjani Novemba 15, mechi ya Oklahoma. Nilikaa ngazi za juu, upande ambao mchezaji wao Eli Bowen aliinasa pasi ya Ty Simpson na kukimbia nayo yadi 87 hadi mwisho wa uwanja, na nakumbuka jinsi kelele za watu laki moja zilivyozimika kiasi cha kusikia viatu vya waliokuwa wakipanda ngazi. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa amevaa kofia ya mirabamiraba kama ile ya Bear Bryant, kocha wetu mashuhuri wa zamani. Aliivua, akaiweka magotini, akamwambia mjukuu wake kwa sauti ya upole kwamba Saban asingeruhusu haya. Tulipata yadi 406 dhidi ya 212 zao, lakini tulipoteza mpira mara tatu na kufungwa 23 kwa 21. Sikumlaumu mzee yule. Ila wiki tano baadaye, Desemba 19, tulirudiana na Oklahoma hiyo hiyo kwao Norman katika raundi ya kwanza ya mchujo, wakatutangulia 17 kwa 0, na vijana wale wale wakatulia, wakaacha kupoteza mpira, wakashinda 34 kwa 24. Timu ambayo mwaka 2024, katika uwanja ule ule, haikuweza kupata tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) hata moja, ilirudi na kupata pointi 34 baada ya kuwa nyuma kwa 17. Nikiulizwa ni wapi nimeona kazi ya kocha kwa macho yangu, nitaitaja mechi hiyo kabla ya ile ya Athens.

Kwa hiyo kwa kipimo cha ugonjwa wa kwanza, naona tiba imefanya kazi, na ni haki mtu aliyeileta aambiwe hivyo na wakubwa wake hadharani.

Hata hivyo kuna ugonjwa wa pili, na huu ndio unaoninyima usingizi. Timu yetu haiwezi kukimbia na mpira. Desemba 6, katika fainali ya SEC kule Atlanta, Georgia ilitushinda 28 kwa 7, na hesabu ya yadi zetu za kukimbia kwa mechi nzima ilikuwa hasi tatu. Najua kwamba katika futiboli ya vyuo yadi anazopoteza kwotabeki, yaani mrusha pasi, anapoangushwa nyuma ya mstari huhesabiwa upande wa kukimbia, lakini hilo linazidisha tatizo, kwa maana safu ya mbele iliyoshindwa kumfungulia njia mkimbiaji ndiyo hiyo hiyo iliyoshindwa kumlinda kwotabeki. Kule Pasadena, tukihitaji yadi moja tu katika jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, tukiwa ndani ya nusu yetu wenyewe ya uwanja, hatukuthubutu kumpa mtu mpira apite katikati. Tukatafuta ujanja wa pasi fupi, ukashindikana, na Indiana ikapokea mpira mahali ambapo hakuna timu inayopaswa kuupokea kwa zawadi. Wengi wamemlaumu kocha kwa uamuzi wa kujaribu. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa dalili tu, maana kocha anayeiamini safu yake ya mbele hahitaji ujanja kwa yadi moja.

Tatizo hili halikuanza Desemba. Msimu mzima tuliishi kwa mkono wa Ty Simpson, kijana aliyejiunga nasi 2022 na kungoja misimu mitatu nyuma ya wengine bila kuhama, katika zama ambazo wenzake wengi huhama baada ya mwaka mmoja. Sasa Simpson anakwenda NFL, ligi ya kulipwa. Atakayemrithi, awe nani, hataweza kufunika udhaifu wa safu ya mbele kama yeye alivyoufunika, na ndiyo maana nasema kwamba tathmini ya mwaka wa tatu iandikwe sasa, na mstari wake wa kwanza uwe huu: je, safu ya mbele imejengwa upya?

Naomba niingie kidogo katika historia yetu wenyewe, kwa kuwa chuo hiki kimewahi kuwa mahali hapa, na hakikufanya vizuri kila mara. Bear Bryant aliondoka baada ya msimu wa 1982 akiwa na ushindi 323. Ray Perkins aliyemfuata alishinda 8 na kupoteza 4 mwaka wa kwanza, kisha 1984 akapata 5 kwa 6, yaani kushinda 5 na kupoteza 6, msimu wetu wa kwanza wa hasara tangu 1957. Baadaye akaja Bill Curry, ambaye katika misimu mitatu alipanda kutoka 7 kwa 5 hadi 9 kwa 3 hadi 10 kwa 2, na bado alihesabiwa kuwa mtu wa nje. Mwaka 1988 tofali lilirushwa kwenye dirisha la ofisi yake, na baada ya msimu wa 1989, ambao timu iligawana ubingwa wa SEC, aliondoka kwenda Kentucky. Hakuwa ameifunga Auburn hata mara moja, na najua uzito wa jambo hilo katika jimbo hili. Lakini alikuwa akipanda kila mwaka, na waliokuwa na mamlaka hawakusema kwa sauti ya kutosha kwamba wanakuona kupanda huko.

Gene Stallings aliyempokea alianza 1990 kwa kupoteza mechi tatu za kwanza. Ukijumlisha tofauti ya pointi katika mechi hizo tatu, dhidi ya Southern Mississippi, Florida na Georgia, unapata nane tu: tatu, nne na moja. Mtu aliyetazama matokeo peke yake aliona sifuri kwa tatu; mtu aliyetazama mchezo aliona timu inayokaribia. Msimu huo uliisha kwa 7 kwa 5, na 1992 Stallings aliitoa Alabama na ushindi 13 bila kupoteza, akatwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Miami 34 kwa 13. Na Saban mwenyewe, ambaye jina lake hutumika sasa kumchapia kila anayekalia kiti kile, alipata 7 kwa 6 mwaka wake wa kwanza, 2007, akafungwa nyumbani 21 kwa 14 na Louisiana-Monroe. Mwaka uliofuata alishinda 12 na kupoteza 2, na 2009 alishinda zote 14. Kama angepimwa kwa Louisiana-Monroe, mataji sita aliyoyaleta hapa yangekuwa katika kabati la chuo kingine.

Najua mtanijibu kwa Indiana, na jibu hilo lina nguvu. Curt Cignetti alipokea timu iliyoshinda mechi tatu tu mwaka 2023, akaipa ushindi 11 mwaka wake wa kwanza, na katika wa pili akashinda zote 16 na kuchukua ubingwa wa taifa. Tena ni mtu wetu, aliyekuwa kwenye benchi la Saban hapa Tuscaloosa kuanzia 2007. Watu wanauliza: kama yeye ameweza kwa miaka miwili, kwa nini DeBoer hajaweza? Ninachoweza kusema ni kwamba Cignetti alikuja na kundi la wachezaji waliomfuata kutoka chuo alichotoka, akaijenga timu kwa watu waliokwisha kumjua, wakati DeBoer alipokea nyumba ambayo wakazi wake walikuwa wakifunga mizigo. Saban alipostaafu, kanuni ziliwapa wachezaji wetu siku 30 za kuhama. Caleb Downs, mlinzi bora wa umri wake nchini, alikwenda Ohio State na mwaka mmoja baadaye akawa bingwa wa taifa huko. Sisemi haya kumtetea kocha dhidi ya 38 kwa 3, ambayo ilikuwa aibu, na yeye ndiye wa kuijibu. Lakini hayo ni mazingira mawili tofauti, na Bodi ya watu wenye elimu haiwezi kuyapima kwa rula moja. Tofauti kubwa niliyoiona kule Pasadena ilikuwa mbele, ambapo Indiana iliwasukuma watu wetu kutoka kwenye mstari robo baada ya robo, na hapo ndipo ninaporudi kila ninapoifikiria mechi ile.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Mkataba wa kwanza wa DeBoer ulikuwa wa miaka minane na jumla ya dola milioni 87. Texas A&M ilimwondoa Jimbo Fisher Novemba 2023 ikiwa na deni kwake la zaidi ya dola milioni 75, na LSU ikamwondoa Brian Kelly Oktoba 2025 ikiwa na deni la zaidi ya milioni 50. Vyuo hivyo viwili viliingia katika shimo hilo kwa sababu viliongeza mikataba au kuahidi fedha wakati wa furaha na hofu, kabla kipimo hakijakamilika. Nimekulia katika mji wa pwani ambako hata watoto hujua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Desemba, jina la kocha wetu lilipohusishwa na kazi ya Michigan, alisema hadharani kwamba hana mpango wa kuondoka. Mchukulieni kwa neno lake, na msiruhusu simu ya wakala au ya mfadhili mkubwa iwe ndiyo tathmini yake.

Nilikotoka, kocha wa klabu kubwa ya soka anaweza kufukuzwa baada ya sare mbili, na anayemfuata hurithi wachezaji waliochaguliwa na makocha watatu tofauti ambao hakuna aliyepewa muda wa kumaliza alichoanza. Nimeyaona hayo tangu utotoni, na ndiyo maana yananiuma ninapoyasikia yakipendekezwa hapa.

Ninachowaomba, Waheshimiwa, ni kikao kimoja kabla ya mazoezi ya majira ya kuchipua, kati yenu na kocha, kitakachoandika kwa lugha ya kawaida mnachokitarajia mwaka wa tatu, na muhtasari wake tusomewe sisi tunaonunua tiketi. Aulizwe kuhusu safu ya mbele: nani anaifundisha, nani anaongezwa kwa uhamisho, na kwa nini kazi ya wale waliokuwepo haikuzaa matunda. Aulizwe kuhusu Tallahassee, kwa kuwa kuanza msimu kwa usingizi kunaweza kutugharimu zaidi sasa ambapo SEC inaingia katika mechi tisa za ligi badala ya nane. Aambiwe pia, kwa uwazi huo huo, kwamba mmeona Athens na mmeona Norman. Na likija swali la Rose Bowl, ajibu yeye mwenyewe mbele yenu, akiwa na muda wa kutosha na bila kamera, kwa nini timu ya Alabama iliihofia yadi moja.

Nitakuwa Bryant-Denny mechi ya kwanza ya nyumbani, ngazi zile zile za juu. Kabla mpira haujarushwa, macho yangu yatakuwa kwa wale vijana watano wa mbele.

Wenu kwa heshima,

Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Alabama na mwenye tiketi ya msimu